Kabla Lenzi Haijaingia Jichoni: Kwa Nini Konea Yako Ipimwe Kwanza

SOMO LA AFYA YA MACHO KWA WAKAZI

Mtoto wa jicho ndicho chanzo kikuu cha upofu nchini Kenya. Habari njema ni kwamba upofu huo hutibika. Upasuaji huchukua muda mfupi, mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, na ndani ya jicho huachwa lenzi ndogo ya plastiki ambayo itakaa humo maisha yake yote.

Hata hivyo, kuna hatua moja ambayo wagonjwa wengi huiona kama usumbufu. Baada ya kuambiwa wana mtoto wa jicho, hutakiwa kurudi kliniki kupimwa jicho kabla ya siku ya upasuaji. Wengine huuliza, "Si mmeshaona ugonjwa? Mnapima nini tena?" Wengine huondoka kwenye foleni kwa kuwa gari la kurudi nyumbani linaondoka mapema. Wengine hungoja kambi ya macho ifike kijijini wakitumaini kumaliza kila kitu siku moja.

Somo hili linaeleza kipimo hicho ni cha nini, kinafanywaje, na kwa nini hupaswi kukiruka. Hulengi wazee peke yao. Vijana wenye macho yanayowasha, waendesha bodaboda, na yeyote anayetaka kuvaa lenzi za kubandika machoni watapata la kuwafaa.

KONEA NI NINI?

Tazama jicho la mwenzako kutoka ubavuni. Mbele ya ile sehemu ya rangi utaona kitu angavu kilichobinuka, mfano wa kioo cha saa. Hiyo ndiyo konea. Upana wake ni takriban milimita 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, na ndiyo maana mwanga hupita ndani yake bila kizuizi.

Watu wengi hudhani kazi yote ya kukusanya mwanga hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho. Sivyo. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa kizio kiitwacho dayopta. Jicho la kawaida la mtu mzima lina jumla ya takriban dayopta 60, na kati ya hizo, kama 43 zinatoka kwenye konea. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya kazi hufanywa na kile kioo cha mbele.

Nguvu hiyo inategemea mbinuko. Konea iliyobinuka sana hupinda mwanga kwa nguvu zaidi. Iliyo bapa kidogo hupinda kwa nguvu ndogo. Watu wawili wenye afya njema, hata ndugu wa tumbo moja, wanaweza kuwa na konea zenye mbinuko tofauti. Kwa kumtazama mtu usoni huwezi kujua mbinuko wa konea yake. Lazima upimwe.

JARIBIO LA KIJIKO NA UPAWA

Unaweza kuelewa kipimo hiki ukiwa jikoni kwako. Chukua kijiko kidogo cha chai cha chuma na upawa wa chuma, vyote viwe safi na vinang'aa. Simama ukitazama dirisha, kisha angalia taswira ya dirisha hilo kwenye mgongo wa kila kimoja.

Utaona kwamba kwenye mgongo wa kijiko kidogo, dirisha linaonekana dogo sana. Kwenye upawa, dirisha hilo hilo linaonekana kubwa zaidi. Sababu ni kuwa kijiko kidogo kimebinuka zaidi. Kanuni ni hii: kadiri kitu kinachong'aa kinavyobinuka, ndivyo taswira inavyokuwa ndogo.

Sasa angalia kijiko kwa makini zaidi. Kijiko si duara. Ni kirefu upande mmoja na chembamba upande wa pili. Kwa hiyo taswira inavutwa, inakuwa ndefu upande mmoja kuliko mwingine. Konea za watu wengi pia ziko hivyo kwa kiasi fulani: mbinuko wa wima na wa mlalo haulingani. Hali hiyo huitwa astigmatizimu. Ikiwa kubwa, mtu huona vitu vikiwa na kivuli au vimevutika, na herufi kama vile zina pacha.

Kanuni hii ni ya kale. Mwaka 1619, padri na mwanasayansi Mjerumani aitwaye Christoph Scheiner alieleza jinsi ya kulinganisha taswira ya dirisha kwenye jicho la mtu na taswira ya dirisha hilo kwenye gololi za kioo za ukubwa mbalimbali. Gololi ambayo taswira yake inalingana na ile ya jichoni ndiyo yenye mbinuko unaokaribiana na wa konea. Katika miaka ya 1850, mwanasayansi mwingine Mjerumani, Hermann von Helmholtz, alitengeneza chombo cha kufanya kazi hiyo kwa usahihi mkubwa. Mwaka 1881, Javal na Schiøtz, waliofanya kazi pamoja jijini Paris, walikirahisisha hadi kikaweza kutumika kila siku kliniki. Mashine zinazotumika leo bado zinafuata kanuni ile ile ya dirisha na kijiko.

KIPIMO KINAFANYWAJE?

Chombo cha kupima mbinuko wa konea huitwa keratomita. Siku hizi hospitali nyingi zina mashine ya kompyuta inayopima konea na kukadiria nguvu ya miwani kwa pamoja. Kwa mgonjwa, mambo huwa hivi:

"Mama, weka kidevu hapa, paji la uso liguse huu ukanda."

"Daktari, itaniuma?"

"Hapana mama. Hakuna kitu kitakachogusa jicho. Tazama ile taa, pepesa mara mbili, sasa kodoa."

Basi. Mashine huangaza duara la mwanga juu ya konea na kupima ukubwa wa taswira inayorudi. Kwenye keratomita ya mkono, taswira hiyo hugawanywa kuwa mbili ndani ya chombo, na mpimaji huzungusha kitufe mpaka alama zikutane. Kwa nini ziwe mbili? Kwa sababu jicho la mtu halitulii kabisa. Jicho likitikisika, taswira zote mbili hutikisika pamoja, na nafasi kati yake haibadiliki. Kwa hiyo kipimo hakiharibiki.

Kupepesa nako kuna maana yake. Kinachoakisi mwanga ni machozi yaliyotanda juu ya konea. Machozi yakikauka, kioo kinakuwa na mawimbi na namba zinapotoka.

KUSOMA NAMBA ZAKO

Karatasi utakayopewa itakuwa na herufi K. K1 ni nguvu ya upande uliobinuka kidogo, na K2 ni ya upande uliobinuka zaidi. Pembeni kutakuwa na namba ya nyuzi, kati ya 0 na 180, inayoonyesha kila upande umelala kuelekea wapi.

Mashine nyingine huandika milimita badala ya dayopta. Hiyo ni nusukipenyo ya mbinuko, yaani nusukipenyo ya duara ambalo konea ingekuwa sehemu yake. Ukitaka kubadilisha, gawanya 337.5 kwa milimita hizo. Konea ya kawaida ina nusukipenyo ya milimita 7.8 hivi. 337.5 ukigawanya kwa 7.8 unapata takriban 43.3, na hizo ndizo dayopta.

Angalia jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa. Kama mpimaji atasoma 7.7 badala ya 7.8, jibu litakuwa 43.8. Sehemu moja ya kumi ya milimita imeleta tofauti ya nusu dayopta, kiasi ambacho mtu hukihisi anapovaa miwani.

Tofauti kati ya K1 na K2 ndiyo astigmatizimu ya konea. Ikiwa K1 ni 43.00 na K2 ni 44.00, tofauti ni dayopta 1. Hiyo ni ya kawaida.

MAMA WAWILI, LENZI MBILI

Tuchukue mfano wa mama wawili wa kijiji kimoja, wote wana miaka 68, wote wana mtoto wa jicho. Urefu wa macho yao, kutoka mbele hadi nyuma, ni sawa: milimita 23.5. Urefu huo hupimwa kwa altrasaundi au kwa mashine ya mwanga. Tofauti yao ni konea tu. Wastani wa K wa mama wa kwanza ni 43.50. Wa mama wa pili ni 47.00.

Kuna fomula iliyotolewa mwaka 1980 na madaktari Sanders, Retzlaff na Kraff. Leo zipo fomula mpya zilizo sahihi zaidi, lakini hii ni rahisi kuonyesha hesabu inavyokwenda. Chukua namba maalum ya lenzi, ambayo hutolewa na mtengenezaji. Tuseme ni 118.4. Toa urefu wa jicho mara 2.5. Kisha toa K mara 0.9.

Mama wa kwanza: 118.4, toa 58.75, toa 39.15. Jibu ni 20.5.

Mama wa pili: 118.4, toa 58.75, toa 42.3. Jibu ni 17.35, yaani lenzi ya 17.5 iliyo karibu zaidi.

Sasa fikiria wote wawili wamewekewa lenzi ya 20.5 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo na hakuna aliyepima. Mama wa kwanza ataona vizuri. Mama wa pili amepewa dayopta 3 za ziada. Kwenye miwani, hiyo ni sawa na takriban dayopta 2 za kutoona mbali. Mwenziwe akimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, hatamtambua. Kitu chochote kilicho mbali zaidi ya nusu mita kitaanza kufifia. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, jicho halikuuma, kovu limepona. Lakini atarudi nyumbani akisema, "Nilifanyiwa, na bado sioni." Majirani watamsikia, na wengine watatu wataogopa kwenda.

Jambo hili si geni. Daktari Mwingereza Harold Ridley ndiye aliyeweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la mtu, jijini London mwaka 1949. Wakati huo hapakuwa na hesabu hizi za kuaminika, na wagonjwa wake wa mwanzo walitoka na tatizo kubwa la kutoona mbali kwa sababu lenzi zilikuwa na nguvu kupita kiasi. Tiba ilikuwa ya ajabu. Kilichokosekana ni kipimo.

Miwani inaweza kumsaidia yule mama wa pili, na aliyekwisha kufanyiwa upasuaji bila kupimwa asikate tamaa: arudi kliniki apimwe miwani. Lakini ni bora kukosa hitaji hilo tangu mwanzo. Kubadilisha lenzi kunahitaji upasuaji wa pili, ambao una hatari zaidi ya ule wa kwanza.

MAMBO YANAYOHARIBU KIPIMO

Mashine nzuri inaweza kutoa namba mbaya ikiwa jicho halikuandaliwa. Zingatia yafuatayo:

1. Kinyama cha jicho. Watu wanaofanya kazi kwenye jua, upepo na vumbi, kama wakulima, wavuvi, wachunga mifugo na waendesha bodaboda, huota kinyama kutoka pembe ya jicho upande wa pua. Kikifika juu ya konea, huivuta na kubadilisha mbinuko wake. Daktari anaweza kushauri kikatwe kwanza, jicho lipone kwa wiki kadhaa au miezi, ndipo lipimwe.

2. Lenzi za kubandika. Hizi hukandamiza konea. Ukizivaa, mwambie mpimaji. Utatakiwa kuziacha kwa muda kabla ya kupimwa: siku kadhaa hadi wiki mbili kwa zile laini, na zaidi kwa zile ngumu.

3. Matone ya ganzi na kupimwa presha ya jicho. Ganzi huvuruga machozi, na chombo cha presha kinachogusa jicho huvuruga uso wa konea. Mbinuko upimwe kwanza, presha baadaye.

4. Macho makavu. Kama macho yako huchoma au huhisi kama yana mchanga, sema. Yanaweza kutibiwa kwanza kwa matone ya kulainisha.

5. Makovu. Trakoma, vidonda vya zamani, na dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni huacha makovu kwenye konea. Usitie maziwa, sukari, majani wala mate jichoni kwa sababu yoyote. Kovu likiingia katikati ya konea, hata lenzi iliyochaguliwa vizuri haitarudisha uoni wote.

Mpimaji makini hupima macho yote mawili, hata kama ni moja tu litakalofanyiwa upasuaji. Macho ya mtu mmoja kwa kawaida hufanana. Ikiwa tofauti kati yake inafika dayopta 1 au zaidi, au namba iko chini ya 40 au juu ya 48, hurudia kipimo kabla ya kuiamini. Ukiona unarudishwa kwenye mashine, usikasirike. Hiyo ni kazi nzuri.

VIJANA WANAOSUGUA MACHO

Kipimo hiki pia hugundua ugonjwa unaowapata vijana, uitwao keratokonasi. Konea hupungua unene na kulegea, kisha inachomoza mbele mfano wa pia. Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe na huendelea hadi miaka ya 30. Huwapata zaidi wenye mzio wa macho na wanaosugua macho sana, na wakati mwingine hupatikana ndani ya familia moja.

Mzazi au mwalimu, mtilie shaka kijana ambaye:

- Macho yake huwasha kila mara, na huyasugua kwa nguvu kwa ngumi au viganja.
- Amebadilishiwa miwani mara kwa mara ndani ya muda mfupi na bado anasema haoni ubaoni.
- Huona taa za magari usiku zikiwa na miale au vivuli vingi.

Konea ya kijana kama huyo inaweza kuonyesha K ya 48, 50 au zaidi, au tofauti kubwa kati ya K1 na K2, na taswira ya duara inaonekana imepinda. Keratomita hupima eneo dogo la katikati, upana wa takriban milimita 3. Kwa hiyo akishukiwa, atapelekwa kwenye hospitali kubwa yenye mashine inayochora ramani ya konea nzima.

Kuwahi ndiyo siri. Ipo tiba iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo hutumia matone ya vitamini B2 pamoja na miale ya urujuanimno kuikaza konea. Tiba hiyo husimamisha ugonjwa usiendelee. Hairudishi konea ilivyokuwa. Kijana anayefika mapema huokoa uoni alio nao. Anayechelewa huenda akahitaji lenzi ngumu maalum, au hata kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki, na konea za kupandikiza ni adimu.

Hatua ya kwanza haina gharama: aache kusugua. Macho yakiwasha, aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, kisha aende akatibiwe mzio. Asinunue matone dukani bila kuandikiwa. Baadhi yake yana dawa za steroidi ambazo zikitumika kiholela huleta glakoma na mtoto wa jicho.

MKAZI, UFANYE NINI?

Kwanza, anza karibu. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe uoni. Wao watakuandikia rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha macho.

Pili, uliza maswali mawili kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji: "Je, konea yangu imepimwa?" na "Urefu wa jicho langu umepimwa?" Una haki ya kujibiwa. Hata kwenye kambi ya macho, uliza.

Tatu, omba nakala ya karatasi ya vipimo na uitunze pamoja na kitambulisho chako. Jicho la pili likihitaji upasuaji miaka ijayo, au ukihamia kaunti nyingine, karatasi hiyo itamsaidia daktari. Baada ya upasuaji, tunza pia kadi inayoonyesha nguvu ya lenzi uliyowekewa.

Nne, hakikisha usajili wako wa SHA uko sawa, na uulize dawati la bima hospitalini ni huduma zipi zinalipiwa ili usishtukizwe.

Tano, msindikize mzee wako siku ya vipimo, si siku ya upasuaji peke yake. Mzee asiyeona vizuri akiambiwa arudi peke yake, mara nyingi harudi.

JIPIME

1. Kwa nini dirisha huonekana dogo kwenye mgongo wa kijiko cha chai kuliko kwenye upawa?
2. Karatasi ya Baba inaonyesha K1 42.50 na K2 45.00. Astigmatizimu ya konea yake ni dayopta ngapi?
3. Kwa nini mpimaji hukuambia upepese kabla ya kupima?
4. Kijana anasugua macho kila siku na amebadilisha miwani mara tatu. Utamshauri nini?

Majibu: (1) Kijiko cha chai kimebinuka zaidi. (2) Dayopta 2.5, inafaa daktari aambiwe kabla ya kuchagua lenzi. (3) Ili machozi yatande sawasawa juu ya konea. (4) Aache kusugua, na aende kliniki ya macho apimwe konea bila kuchelewa.

Kumbuka: lenzi huwekwa mara moja, jicho huitumia miaka yote iliyobaki. Dakika chache ukiwa umeweka kidevu kwenye mashine ndizo zinazoamua kama utatambua uso wa mjukuu wako akiwa mlangoni, au mpaka akusogelee karibu.